Kamera ya Tundu, Kahawa na Magadi: Upigaji Picha kwa Vifaa vya Kuundwa kwa Mikono kama Nyenzo ya Kufundishia Sayansi na Kukuza Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kanuni na hatua za upigaji picha kwa kamera ya tundu, yaani kamera isiyo na lenzi, pamoja na mbinu za majaribio za chumba cha giza zinazotumia malighafi zipatikanazo Afrika Mashariki. Yanaonyesha kwamba kopo tupu, sindano, kahawa na magadi vinatosha kufundishia mada za msingi za optiki na kemia, na kwamba matokeo yake humsaidia mtafiti kuzisoma upya picha za kale zilizohifadhiwa katika nyaraka. Aidha, makala yanajadili upungufu wa istilahi za Kiswahili katika uwanja huu, hasa mzigo mkubwa uliobebeshwa kitenzi kimoja, kusafisha. Mwisho, yanatoa mapendekezo kuhusu istilahi, usalama na utunzaji wa taka za kemikali.

1.0 Utangulizi

Neno kamera lina asili ya Kilatini na maana yake ya awali ni chumba. Maana hiyo si ya bahati nasibu. Kabla ya kuwa kifaa cha kushikwa mkononi, kamera ilikuwa chumba hasa: chumba chenye giza, chenye tundu dogo ukutani, ambamo mandhari ya nje ilijichora juu ya ukuta wa pili ikiwa juu chini. Wafuasi wa Mozi nchini China waliieleza hali hii karne kadhaa kabla ya Kristo. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kuishi Kairo, aliichunguza kwa kina zaidi. Katika risala yake kuhusu umbo la kupatwa kwa jua, alionyesha kwamba jua lililopatwa nusu hutoa taswira ya hilali linapopita katika tundu dogo, lakini tundu likipanuliwa hilali hiyo hupotea.

Uchunguzi huo unaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote wa leo. Kupatwa kwa jua kwa Novemba 3, 2013 kulionekana kikamilifu Pakwach, kaskazini mwa Uganda, na kule kwa Septemba 1, 2016 kulionekana kwa umbo la pete Rujewa, wilayani Mbarali, nchini Tanzania. Katika matukio ya namna hiyo, mwanya mdogo baina ya majani ya mwembe hufanya kazi ya tundu, na ardhi iliyo chini ya mti hujaa hilali ndogondogo. Mti unakuwa kamera, na udongo unakuwa ukuta wake.

Pamoja na urahisi huo, elimu ya kamera ya tundu haijapewa nafasi ya kutosha katika maandishi ya Kiswahili. Nchini Tanzania, kwa mfano, sayansi hufundishwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha lugha ya kufundishia hubadilika na kuwa Kiingereza katika sekondari. Mabadiliko hayo hutokea palepale ambapo mwanafunzi anaanza kukokotoa ukubwa wa taswira na muda wa mwanga. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kuisimulia picha, lakini hakina maneno ya kutosha ya kueleza jinsi picha inavyotokea.

2.0 Kanuni ya Kifizikia

Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu. Mwali unaotoka kwenye ncha ya mnazi na kupita katika tundu hushuka hadi sehemu ya chini ya ukuta wa ndani wa kamera. Mwali unaotoka kwenye shina hupanda hadi sehemu ya juu. Hivyo taswira hupinduka, na kushoto huwa kulia. Ukubwa wa taswira hutegemea uwiano wa umbali: urefu wa taswira ukigawanywa kwa urefu wa kitu ni sawa na kina cha kamera kikigawanywa kwa umbali wa kitu kutoka kwenye tundu. Mnazi wenye urefu wa mita 15 ulio umbali wa mita 20, ukipigwa picha kwa kamera yenye kina cha sentimita 10, utatoa taswira ya sentimita 7.5. Kwa kuigeuza hesabu hiyo, mwanafunzi anaweza kupima urefu wa mti bila kuupanda.

Swali linalofuata ni ukubwa wa tundu. Tundu likiwa kubwa mno, kila nukta ya kitu huwa duara pana na taswira hufifia. Likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika kwenye kingo za tundu na taswira hufifia vilevile. Kuna ukubwa wa kati unaofaa, na Lord Rayleigh alilishughulikia suala hilo katika andiko lake la mwaka 1891. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kipenyo cha tundu ni sawa na 1.9 mara kipeuo cha pili cha zao la kina cha kamera na urefu wa wimbi la mwanga. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa milimita 0.00055, kamera ya kina cha milimita 100 huhitaji tundu la takribani milimita 0.45. Kamera ya kina cha milimita 50 huhitaji milimita 0.32, na ile ya milimita 200 huhitaji milimita 0.63.

Kamera hii haina fokasi ya kurekebishwa. Kilicho karibu na kilicho mbali huonekana kwa ukali unaokaribiana, nao ukali huo ni wa wastani daima. Sifa hiyo huchukuliwa na wengine kuwa kasoro. Hata hivyo, mwaka 1890 Mwingereza George Davison alionyesha picha ya shamba la vitunguu iliyopigwa kwa tundu, na wepesi wa mistari yake ukazusha mjadala kuhusu iwapo picha njema lazima iwe kali.

3.0 Uundaji wa Kamera na Ukadiriaji wa Muda

Vifaa vinavyohitajika ni chombo kisichopitisha mwanga, kama vile kopo la maziwa ya unga au kopo la rangi lenye mfuniko, kipande cha bati jembamba kilichokatwa kutoka kwenye kopo la soda, sindano nyembamba, msasa laini, rangi nyeusi isiyong'aa, na utepe mweusi wa mafundi umeme. Bati hubonyezwa kwa ncha ya sindano bila kulitoboa kabisa, kisha uvimbe uliojitokeza upande wa pili husuguliwa kwa msasa hadi tundu lifunguke. Hatua hiyo hurudiwa mpaka tundu liwe duara safi lisilo na vinyuzi. Bati hubandikwa ndani ya kopo, mbele ya shimo kubwa lililotobolewa ubavuni, na sehemu yote ya ndani hupakwa rangi nyeusi ili mwanga usirudirudi. Utepe mweusi unaofunika tundu kwa nje ndio kilango cha kamera.

Badala ya filamu, hutumika karatasi ya picha nyeusi na nyeupe. Karatasi hiyo ina faida mbili. Kwanza, haihisi mwanga mwekundu, hivyo hukatwa na kupakiwa chini ya taa nyekundu hafifu. Pili, huhisi mwanga polepole, kwa kiwango cha takribani ISO 6, na upole huo humwezesha mpiga picha kuhesabu muda kwa saa ya mkononi au hata kwa mdomo.

Muda hukadiriwa kwa kanuni inayojulikana na wapiga picha: katika jua kali, kwenye kipimo cha f/16, muda unaofaa ni sekunde moja ikigawanywa kwa ISO. Kamera ya kina cha milimita 100 yenye tundu la milimita 0.45 ina kipimo cha takribani f/224. Eneo la tundu kwa uwiano huo ni dogo mara 196 kuliko la f/16, kwa hiyo sekunde 1/6 inakuwa takribani sekunde 33. Kwa hesabu ileile, kamera ya milimita 50 huhitaji takribani sekunde 16, na ya milimita 200 takribani sekunde 65. Mwanafunzi anayezitazama namba hizi hugundua mwenyewe kwamba, ikiwa tundu limechaguliwa kwa kanuni ya sehemu ya 2.0, kina kikiongezeka maradufu muda nao huongezeka maradufu. Wakati wa mawingu au jioni muda huzidi hesabu hiyo, kwa sababu karatasi huitikia zaidi mwanga wa buluu, na mwanga wa jioni una buluu kidogo.

4.0 Chumba cha Giza na Kemia Yake

Karatasi ya picha imepakwa utando wa jelatini wenye chembe za chumvi za fedha. Mwanga unapozigusa chembe hizo, hubadilisha atomi chache tu za fedha. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa macho, na hapa yataitwa taswira fiche. Kazi ya chumba cha giza ni mbili: kuiibua taswira hiyo kwa kugeuza chembe zilizoguswa ziwe fedha nyeusi, kisha kuikaza kwa kuondoa chumvi ambazo hazikuguswa. Bila hatua ya pili, picha nzima huendelea kuwa nyeusi itolewapo nje.

4.1 Kuibua kwa Kahawa na Magadi

Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya kuyeyuka papo hapo, ikichanganywa na alikali, huweza kuibua picha. Baadaye iliongezwa vitamini C ili kuharakisha kazi na kupunguza utando wa kijivu. Kinyume na dhana ya wengi, kinachofanya kazi si kafeini. Ni asidi za jamii ya fenoli, hasa asidi ya kafeiki, ambazo katika mazingira ya alikali hutoa elektroni na kuzigeuza ayoni za fedha kuwa fedha.

Fomula moja inayotumika sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa, kwa dakika 15 hivi katika nyuzi 20 za Selsiasi. Katika miji ya pwani, ambako maji huwa na joto zaidi, muda hupunguzwa au chombo huwekwa ndani ya beseni la maji baridi. Mchanganyiko huharibika haraka na hutayarishwa wakati wa kutumiwa.

Malighafi hizi si ngeni katika kanda hii. Kahawa ya kuyeyuka hutengenezwa Bukoba, na robusta ya Uganda na Kagera ina asidi za klorojeniki, ambazo ni chimbuko la asidi ya kafeiki, kwa kiwango kikubwa kuliko arabika. Sodiamu kaboneti nayo hutoka Ziwa Magadi nchini Kenya. Tahadhari moja inahitajika: magadi ghafi ya jikoni ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na alikali yake haitoshi. Yakikaangwa kwenye kikaango kikavu, hutoa mvuke na gesi ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kaboneti. Kukaanga huko ni somo kamili la kemia, kwa kuwa viwandani pia magadi husafishwa kwa kuyachoma.

4.2 Picha za Buluu

Mwaka 1842, John Herschel aligundua mbinu isiyotumia fedha, iitwayo sayanotaipu. Karatasi ya kawaida hupakwa mchanganyiko wa feri amonia sitreti na potasiamu ferisianidi, hukaushwa gizani, kisha huanikwa juani ikiwa imefunikwa na jani au picha hasi. Mionzi ya urujuanimno hugeuza chuma kutoka hali moja ya kikemia hadi nyingine, na maji ya bomba humaliza kazi: palipopigwa jua hubaki rangi ya buluu nzito. Mwaka 1843 Anna Atkins aliitumia mbinu hii kuanza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza, na wahandisi waliitumia kwa miongo mingi kunakili michoro. Kwa kuwa huhitaji mwanga mwingi, haifai sana ndani ya kamera ya tundu, bali hutumika kunakili picha hasi zilizotoka humo.

4.3 Picha za Njia ya Jua

Karatasi ya picha ikiachwa ndani ya kamera ya tundu kwa wiki au miezi, jua lenyewe huigeuza rangi bila dawa yoyote, na njia ya jua ya kila siku huchorwa kama mstari. Picha ya namna hii haikazwi. Hunakiliwa kwa skana na asili yake huhifadhiwa gizani. Kopo lililowekwa na Regina Valkenborgh mwaka 2012 katika kituo cha uangalizi wa anga cha Bayfordbury, Uingereza, liliondolewa mwaka 2020 likiwa na mistari 2,953.

Maelekezo ya Ulaya hayawezi kufuatwa kama yalivyo katika Ikweta. Huko kamera huelekezwa kusini, ambako jua huchora matao yaliyopangana. Entebbe au Nanyuki, siku za Machi na Septemba ambazo mchana na usiku hulingana, jua huchomoza mashariki kamili, hupita utosini na kutua magharibi kamili. Mwezi Juni huegemea kaskazini kwa nyuzi 23.4, na Desemba kusini kwa kiasi hichohicho. Kamera iliyoelekezwa mashariki kuanzia Desemba hadi Juni hupata mistari inayokaribia kusimama wima, ikihama kutoka kusini kwenda kaskazini. Mistari iliyokatika huonyesha siku za mawingu, hivyo msimu wa mvua hujiandika wenyewe juu ya karatasi.

5.0 Muda, Rangi na Usomaji wa Nyaraka

Mtu anayepita mbele ya kamera ya tundu kwa hatua za kawaida haonekani katika picha. Sekunde 33 ni nyingi kuliko sekunde anazokaa mahali pamoja. Soko lililojaa watu huweza kutoka likiwa na vibanda na miti pekee. Jambo hili lilijitokeza tangu mwanzo wa upigaji picha: katika picha ya Daguerre ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, ya mwaka 1838, barabara yenye shughuli nyingi inaonekana tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Funzo la pili linahusu rangi. Karatasi na bamba zinazohisi zaidi mwanga wa buluu huifanya mbingu kuwa nyeupe na udongo mwekundu kuwa mweusi. Ngozi ya kahawia nayo hutoka nyeusi kuliko macho yanavyoiona, na maelezo ya uso hupotea. Hali hiyo haitokani na mtu aliyepigwa picha, wala si lazima itokane na nia ya mpiga picha. Chumvi za fedha hazikuwa na uwezo wa kuona rangi hizo.

Mambo haya yana uzito kwa watafiti wa historia ya kanda. Picha za karne ya 19, zikiwemo za studio za Zanzibar kama za Gomes na za ndugu wa Coutinho, pamoja na zile za wasafiri na wamisionari, hutumiwa kama ushahidi wa jinsi miji na watu walivyokuwa. Mtafiti aliyewahi kuona kamera ya kopo ikiwafuta wapita njia hatakuwa mwepesi wa kuhitimisha kwamba mtaa fulani ulikuwa hauna watu. Atauliza kwanza muda wa mwanga ulikuwa kiasi gani, na bamba lilihisi rangi zipi.

6.0 Suala la Istilahi

Katika studio za Afrika Mashariki, kitenzi kilichozoeleka ni kusafisha: mteja hupeleka filamu ikasafishwe, na picha zikisha kutoka husemwa zimesafishwa. Neno hili limekubalika na halina haja ya kuondolewa katika mazungumzo. Ugumu hutokea darasani, kwa kuwa linajumuisha hatua tatu au nne tofauti: kuibua, kukaza, kuosha kwa maji na kuchapa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba picha imeharibika katika kusafishwa hawezi kujua ni hatua ipi iliyokosewa.

Vigezo vya uundaji wa istilahi vilivyopendekezwa na Kiingi, vijulikanavyo kwa kifupi kama PEGITOSCA, vinasisitiza pamoja na mambo mengine usahihi, uwazi, uzalishaji na kukubalika. Kwa kuvitumia, kuibua ni istilahi yenye faida, kwani huzaa kiibuzi kwa dawa, uibuaji kwa tendo na muibuaji kwa mtendaji. Kukaza huzaa kikazo na ukazaji. Picha hasi na picha chanya hutumia maneno ambayo mwanafunzi ameshayafahamu katika hisabati, na taswira fiche hujieleza yenyewe.

Utohozi nao hauna budi kupimwa. Dawa ya kukazia hujulikana na mafundi wengi wa nchi za nje kwa jina fupi ambalo, likitoholewa kwa matamshi, huwa haipo. Sentensi "haipo katika chupa" ingekuwa na maana mbili zinazopingana, na katika chumba chenye giza na kemikali utata wa namna hiyo ni hatari. Kikazo hakina utata huo.

7.0 Usalama na Taka

Unafuu wa mbinu hizi usichukuliwe kuwa ni kutokuwa na madhara. Kahawa na magadi hazina sumu kali, lakini mchanganyiko wake ni alikali, unawasha macho na haunywewi kamwe. Vyombo vya chumba cha giza visirudishwe jikoni. Potasiamu ferisianidi isichanganywe na asidi kali wala kuchomwa, kwa kuwa inaweza kutoa gesi yenye sumu. Anayetazama kupatwa kwa jua kwa tundu alipe jua mgongo na kuitazama taswira ukutani. Asichungulie jua kupitia tundu.

Suala zito zaidi ni kikazo kilichotumika. Dawa hiyo, ambayo kwa kawaida ni sodiamu thaiosalfeti, huyeyusha chumvi za fedha, na fedha hiyo ina madhara kwa viumbe vya majini. Isimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Inaweza kuhifadhiwa katika dumu lenye nyuzi za chuma za kusugulia masufuria: chuma huyeyuka na fedha hujitenga kama tope jeusi linaloweza kukusanywa. Shule zilizo kando ya Ziwa Victoria zina sababu ya pekee ya kulizingatia hilo, au kuchagua sayanotaipu na picha za njia ya jua, ambazo hazihitaji kikazo kabisa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba kamera ya tundu huunganisha jiometria, kemia na uhakiki wa ushahidi katika zoezi moja linalowezekana pasipo na maabara. Kutokana na mjadala huo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, kwa uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yaandae orodha fupi ya istilahi za upigaji picha na kuijaribu katika karakana na madarasa kabla ya kuisanifisha, ili mafundi wa studio nao washirikishwe. Pili, wakuza mitaala waliingize zoezi la kamera ya tundu katika kazi za vitendo, likiambatana na ukokotoaji wa tundu na muda, na maelekezo ya kanda ya Ikweta yaandikwe upya badala ya kunakiliwa. Tatu, mwongozo wowote utakaotolewa kwa shule uanze na utunzaji wa taka, si umalizie nao.

Gharama ya utekelezaji ni ndogo ikilinganishwa na vifaa vya maabara ya kawaida. Kinachohitajika zaidi ni maandishi: maelekezo sahihi, yaliyopimwa katika joto, mwanga na maji ya kanda hii, na kuandikwa katika lugha ambayo mwalimu wa Masaka, Bukoba na Kisumu wanaweza kuisoma kwa pamoja.